Gari Lililosahau Kupumua

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kilianza kugongagonga taratibu, ti-ti-ti, kama mgeni mwenye haya anayebisha hodi. Mawingu alikisikia akiwa bado kitandani, nusu yake macho, nusu yake ndotoni. Katika ndoto hiyo alikuwa akielea juu ya mapaa ya nyumba, na birika likimfuata nyuma huku likipuliza mvuke.

Mawingu halikuwa jina alilozaliwa nalo. Bibi yake ndiye aliyempachika, kwa sababu ukimtuma maji ya kunywa, baadaye utamkuta amesimama uani na kikombe mkononi, akitazama juu, na maji yamekwisha kupata joto.

"Mawingu, shuka duniani!" mama aliita kutoka jikoni. "Leo ni siku ya macho ya Bibi."

Siku hiyo ilikuwa imesubiriwa kwa hamu. Ukungu ulikuwa umetanda machoni mwa Bibi, ukizidi msimu hadi msimu, mpaka nyuso za wajukuu akawa anazijua kwa kuzipapasa. Daktari wa macho alifika katika hospitali ya mbali mara chache tu kwa mwaka. Leo ilikuwa siku yake ya mwisho kabla hajaondoka.

Bibi alikuwa ameshakaa mezani, nguo yake nzuri imefungwa vifungo vyote. Mama aliweka chai mbele yake, kisha akageuza kikombe ili kishikio chake kielekee mkono wa Bibi. Kila asubuhi alifanya hivyo, na Bibi hakuwahi kuhangaika kukitafuta.

Walipomaliza, waliingia garini. Mama alishika usukani, Bibi akakaa kando yake na mkoba mapajani, Mawingu na mdogo wake Kibiriti wakakaa nyuma. Mtoto huyo aliitwa Kibiriti kwa sababu alikuwa mdogo, mwembamba na mwepesi wa kuwaka.

Mama alizungusha ufunguo. Gari liliwaka, likatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mngurumo ukapanda, ukashuka, gari likakohoa, likazimika.

"Lina homa!" alisema Kibiriti. "Tulipe uji."

"Nyamaza wewe," alisema mama, akawasha tena. Likatetemeka, likazimika. Ni pale tu alipokanyaga mafuta ndipo lilipokubali kuendelea. Akiinua mguu, linakata roho.

Mawingu aligeukia dirishani. Alijua jambo ambalo wengine hawakulijua.

Katika nyumba yao Bibi alikuwa na desturi yake. Kila jioni alichomoa nyaya zote ukutani: ya redio, ya pasi, ya taa ya mezani. "Hata chuma huchoka," alikuwa akisema. "Kipe usingizi, nacho kitakupa siku njema." Macho yalipodhoofika, kazi hiyo alimwachia Mawingu, naye aliifanya kwa upole, kama anayelaza watoto.

Jana alasiri Mawingu alikuwa ameketi uani akilitazama gari. Kesho lingekuwa na safari ndefu kuliko zote. Mbona halikuwa na mtu wa kulilaza? Basi alichukua spana, akafungua boneti, akalegeza waya wa betri kama alivyowahi kumwona fundi akifanya, akauchomoa. "Lala," aliliambia gari. Jioni aliurudisha na kuukaza vizuri. Lakini saa ndogo iliyo mbele ya usukani ilikuwa imefutika, ikionyesha sifuri tupu. Mama alikuwa amemkataza katakata kugusa chochote chini ya boneti. Kwa hiyo Mawingu alikimbia sebuleni, akatazama saa ya ukutani, akarudi na kuirekebisha ile ya garini. Akafunga mlango polepole. Nani angejua?

Walikwenda hivyo hivyo, wakizimikiwa kwenye kila njia panda, magari ya nyuma yakipiga honi, hadi kwenye gereji iliyokuwa kona ya barabara. Fundi wake alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye watoto wa mtaa mzima walimwita Shangazi Spana. Ndiyo kwanza alikuwa akifungua mlango.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi kwanza, akamletea kiti na kukipangusa kwa kanga safi, si kwa kitambaa cha gereji. Kisha akamgeukia mama. "Dada, leo mmewatangulia hata kuku. Kuna nini?"

Mama alimweleza. Shangazi Spana alisikiliza injini, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Akatoa plagi za kuwashia injini moja moja, akazitazama, akazirudisha. Akatoa chujio la hewa, akalikung'uta. Akapapasa mipira inayopitisha hewa akitafuta ufa. Vyote vilikuwa vizima.

"Jana lilikuwa salama?"

"Salama salimini."

"Hakuna mtu aliyeligusa?"

"Nani aliguse?" alijibu mama.

Mawingu alitazama juu. Wingu moja jeupe lilikuwa likipita, nyororo kama pamba. Alitamani apande juu yake aende zake.

Shangazi Spana alikuna kichwa. "Basi itabidi nifungue ndani kabisa. Hiyo ni kazi ya siku nzima, dada."

Mama alitazama jua lilivyopanda. Aliketi juu ya gurudumu kuukuu, akageuza uso, ingawa Bibi asingeweza kuuona.

"Msihuzunike," alisema Bibi. "Ukungu huu nimeshauzoea. Daktari atarudi msimu mwingine." Akanyoosha mkono kumtafuta mjukuu wake, akagusa shavu. "Mbona lina maji, Mawingu?"

Hapo Mawingu hakuweza kujizuia tena. "Bibi, ni mimi! Nililichomoa gari waya wa betri ili lilale. Nilitaka likupeleke vizuri. Sikujua litaugua."

Mama aligeuka. Kibiriti akamkodolea macho Mawingu.

"Betri!" Shangazi Spana alisema. "Lakini mbona saa ya garini haijafutika? Hiyo ndiyo ningeitazama kwanza."

"Niliirekebisha," alinong'ona Mawingu.

"Ehee! Basi hapo ulinifunga kitambaa machoni." Akacheka, lakini kwa upole, akachuchumaa mbele yake. "Sikiliza, mwanangu. Gari hili lina kompyuta ndogo. Injini inapotulia, mguu haujakanyaga mafuta, kompyuta ndiyo inayojua iipe hewa kiasi gani ipumue. Imejifunza hivyo kidogo kidogo, na inakumbuka kwa nguvu ya betri. Ukikata waya, inasahau. Halijaharibika. Limesahau tu kupumua likiwa limetulia."

"Kumbe kama mimi nikiamshwa ghafla," alisema Bibi. "Sijui mlango uko upande gani. Ukinisukuma nitaanguka. Ukiniacha nikae kidogo, mwenyewe nitakumbuka."

"Ndivyo hasa, mama. Hata dawa yake ni hiyo hiyo."

Shangazi Spana alihakikisha waya wa betri umekaza. Akazima taa na feni ya garini ili injini isibebe mzigo wowote, akawasha, akalisaidia kwa mafuta kidogo mpaka lilipoacha kuzimika. Kisha akaondoa mguu. "Sasa mtu asiguse kitu. Liacheni lipate joto lenyewe."

Wote waliketi wakisikiliza. Mngurumo ulipanda na kushuka, ukayumba, ukasita. Mawingu alifumba macho. Aliliona gari likitembea gizani kwa miguu laini, likipapasa ukuta, likitafuta mlango wa chumba chake. *Huku,* aliliambia moyoni. *Pole pole, usiogope.* Mshale wa kipimo cha joto ulipanda hadi mahali pake pa kawaida. Mtetemo ukapungua, ukawa mpapatiko, ukawa pumzi. Mwishowe injini ikanguruma sawasawa, kama paka aliyeshiba.

"Limeuona mlango," alisema Mawingu.

Shangazi Spana aliwasha feni. Gari likashtuka kidogo, likatulia. Akalizungusha mtaani, akisimama na kuondoka, akisimama na kuondoka, halafu akarudi mbio. "Haya, nendeni! Jua bado changa."

Walifika daktari akiwa bado na wagonjwa wawili mlangoni, naye akamfanyia Bibi upasuaji wa jicho moja siku hiyo hiyo.

Siku kitambaa kilipotolewa jichoni mwa Bibi, kitu cha kwanza alichotaka ni kupita gerejini. Alimtazama Shangazi Spana kwa muda. "Kumbe wewe ni binti tu! Kwa sauti ile, nilidhani tumelingana."

Shangazi Spana alicheka hadi spana ikamdondoka. Bibi akamvuta Mawingu karibu na kumtazama usoni, nukta kwa nukta, kama anayesoma.

"Mjukuu wangu, ulikosa mara mbili," alisema. "Kosa la kwanza ulilifanya kwa upendo, ingawa upendo usiouliza nao huumiza. La pili, kuficha, ulilifanya kwa woga. Lile la kwanza liliisha kwa muda wa chai kupoa. Hili la pili ndilo lililotaka kuniacha gizani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Gari halina mdomo. Wewe unao."

"Nimesikia, Bibi. Nikitaka kulaza kitu nisichokijua, nitauliza kwanza. Na nikikosea, nitasema."

"Hata jua likiwa limezama?" mama aliuliza.

"Hata kama umelala, mama. Nitakuamsha. Taratibu."

Walicheka, wakaingia garini. Mama alizungusha ufunguo, na injini ikapumua vizuri. Shangazi Spana aliinama dirishani, mikono yake ikinuka grisi.

"Mje tena," alisema. "Lakini msingoje gari liugue, jamani. Mje tu, tukae."