Kifumio na Damu ya Mtani

Kifumio kilikuwa kinafuma damu. Kilisimama kando ya kitanda, mtungi wa kioo wenye kimo cha mtoto wa shule, na ndani yake chembe sahani zilizaliwa kwa malaki, zikashuka kwenye mrija hadi mkononi mwa Kalunde. Chembe hizo ndizo kizibo cha mwili. Mshipa ukipasuka, protini moja iliyo juu ya chembe hunasa ukuta uliochanika. Protini ya pili hufunguka kama kiganja, ikashika uzi wa damu, na uzi huo ukaifunga chembe hii na mwenzake, na mwenzake na mwenzake, mpaka tundu linazibika.

Kalunde alizaliwa bila kiganja hicho. Chembe zake zilikuwa kama watu waliofika msibani mikono nyuma: wamejaa uani, hakuna anayeshika jembe. Asubuhi hiyo, katika hospitali moja ya Tabora, alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Damu ikakataa kusimama.

"Zinaingia," alisema Nyamizi, mhandisi wa kifumio, "lakini mwili wake unaziua."

"Kwa nini? Si za kaka yake?" aliuliza Bi Wande, mama wa Kalunde.

"Ndiyo sababu, mama. Tangu utotoni tunamfumia kwa kielelezo cha kaka yake. Sasa mwili umezijua sura, unaziangamiza mlangoni. Zako na za ndugu wengine zinafanana nazo mno. Nataka tone la damu ya mtu baki, liwe kielelezo kipya."

Bi Wande akakigeukia kifumio. Kifumio hakikubali mtu baki, na aliyekifunga mdomo ni yeye.

Wengi wamesahau, wengine tumekataa kusahau. Vielelezo vya kwanza vya mashine hizi havikuokotwa barabarani. Kampuni ilikuja na mahema meupe, ikasema inapima malaria bure, kisha ikawatoboa watu nyonga na kuwanyonya uboho. Nyanzala, mdogo wake Bi Wande, alitobolewa kupita mwili unavyostahimili, akarudishwa nyumbani na mche wa sabuni na homa. Akafa. Damu ileile ikarudi kuuzwa kwetu. Nani alifungwa? Hakuna! Ndipo Bi Wande, aliyeishia darasa la nne, alipojisomea sheria jikoni kwake, akaenda kulala mbele ya Bunge na wanawake wenzake mpaka ikaandikwa: tone la damu halivuki ukoo, na kila kifumio kiulize uhusiano kwanza.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Alikuwa Mwinshehe, fundi wa lifti, jirani yao, Mzaramo. Kwa hiyo mtani wao.

"Hodi, wapagazi! Kitoto kiko wapi? Kimezaliwa na mzigo kichwani au bado?"

Hakuna aliyecheka. Nyamizi akamweleza kwa kifupi. Mwinshehe akakunja mkono wa shati.

"Nitoboe."

"Mtoaji, taja uhusiano wako na mgonjwa," kifumio kikasema.

"Mtani."

"Uhusiano huo haumo."

"Haumo? Debe wee! Tumekula vya hawa tangu wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, leo wewe hunijui?"

"Mwinshehe, toka," Bi Wande akasema. "Watu baki ndio walionizikisha mdogo wangu."

"Kaburi lake alichimba nani?"

Bi Wande akamwonyesha mlango.

"Nakuuliza, kizee! Alichimba baba yangu. Akakaa shimoni, akagoma kutoka mpaka mkampa jogoo. Mlimuuliza ukoo? Na la Kalunde nitachimba mimi, huwezi kunizuia. Haki ya kumfukia ninayo, ya kumwokoa sina? Na leo mgongo unaniuma. Sitaki kuchimba."

Bi Wande alimtazama mwanawe. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Kifumio kilitii sauti ya mkubwa wa ukoo tu, na mkubwa alikuwa yeye.

"Andika," akasema. "Huyu ni wa kwetu."

"Thibitisha."

"Nimesema ni wa kwetu! Mshenzi huyu ni wa kwetu!"

Sindano ikaingia kidoleni mwa Mwinshehe, naye akapiga kelele kuliko mzazi. Mtungi ukageuka mawingu. Kwenye skrini Nyamizi aliona chembe mpya zikinasa ukuta, viganja vikifunguka, nyuzi zikidakwa.

"Zinashikana," akasema. Kisha kwa sauti: "Jamani, zimeshikana!"

Damu ikapungua. Ikasimama. Bi Wande akakaa sakafuni, akalia, akacheka, akalia tena.

Mchana Kalunde alifumbua macho, akasimuliwa.

"Nina damu ya Mzaramo?" akanong'ona. "Ndiyo maana nasikia ngoma."

Wodi nzima ikacheka. Mwinshehe akaivuta kanga mabegani mwa Bi Wande, akajitanda, akaondoka nayo bila kuomba, kama mtani.

"Nyamizi," Bi Wande akauliza baadaye, "wapo waliokwama hapa kwa sheria yangu kabla ya mwanangu?"

"Wapo, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Uliniita kibaraka wa kampuni."

Bi Wande alimbusu mjukuu utosini, akasimama, akashuka ngazi mabega wazi kuelekea kituo cha treni ya Dodoma, kugombana na Bunge tena. Safari hii dhidi ya sheria yake mwenyewe.