Mama Pasi na Siku Kumi za Sindano

Mtaani kila mtu alimwita Mama Pasi. Alikuwa fundi cherehani, na hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake bila kupigwa pasi. Tena aliipiga siku ileile ya mteja kuja kuichukua. "Nguo ikilala inajikunja," alikuwa akisema. Wateja walimcheka, lakini walirudi.

Jumanne hiyo hakuwa akishona nguo ya mteja. Alikuwa akimalizia vinguo vya mtoto mchanga. Binti yake wa pekee aliolewa nchi ya mbali, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wa binti alifanya kazi za zamu, na mara nyingi binti alibaki peke yake. Alimwomba mama yake kitu kimoja tu kwenye simu. "Mama, siku ya kujifungua nataka uwepo." Mama Pasi alilia siku nzima, akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Safari ilikuwa Jumamosi. Pasipoti ilikuwa tayari. Viza nayo ilikuwa tayari, kwa kuwa waliiomba miezi miwili kabla kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Mume wa Mama Pasi, fundi saa mstaafu, alisoma kila mstari wa fomu kwa kioo chake cha kukuza, kile cha kutengenezea saa.

Muuguzi mmoja, jirani yao, akaingia. Alikuja kupima sare yake mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo nikuone. Umenenepa, au mimi nimekosea kupima?"

"Sema umekosea, mama, nilale vizuri."

Wakacheka. Mama Pasi akapiga magoti kupima upindo. Muuguzi akaiona pasipoti juu ya cherehani.

"Kumbe safari imefika. Umeshachanjwa homa ya manjano?"

"Bado. Nitachanjwa Ijumaa."

"Ijumaa hii? Na unasafiri Jumamosi?"

"Ndiyo. Binti alinikumbusha tangu mwezi uliopita. Nikaona niiweke mwishoni, nifike nayo ikiwa mpya."

Muuguzi akaketi kwenye kiti cha wateja, sare ikiwa bado na pini.

"Mama, chanjo hii si pasi. Ukichomwa sindano leo, mwili unahitaji muda wa kujijengea kinga. Ile kadi ya manjano unayopewa haitambuliki mpaka zipite siku kumi. Nchi anakoishi binti yako wanaidai kwa wageni wanaotoka huku. Ukifika kabla ya siku hizo, wanaweza kukuzuia mpakani au kukurudisha."

Mama Pasi aliketi sakafuni palepale, mkasi mkononi. Aliwaza binti yake akiwa na uchungu, na kando yake hakuna mtu.

"Wewe ni mtu wa hospitali," alisema polepole. "Huwezi kuniandikia tarehe ya wiki iliyopita? Nani atajua?"

Mumewe, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. "Mke wangu, hapo umepotoka."

Muuguzi hakukasirika. Alimshika mkono. "Mama, ukinishonea sare hii kwa bandi ya mkono tu, bila kupitisha cherehani, nikivaa itakuwaje?"

"Itafumuka."

"Basi kadi ya uongo ni hivyo hivyo. Tarehe itakuwa nzuri, lakini mwilini hakuna kinga. Ukiambukizwa, kadi haitakusaidia kitu. Halafu mimi nitakuwa nimekudanganya wewe, na wewe ni mama yangu."

Mama Pasi aliona aibu, na aibu hiyo ilimsaidia. "Nisamehe, mwanangu. Tufanye nini?"

"Tuangalie vizuri." Muuguzi akafungua pasipoti. "Imebakiza miezi minane. Safi. Nchi nyingi hazitaki iliyobakiza chini ya miezi sita. Viza yako inakuruhusu kuingia hadi mwisho wa mwezi ujao, kwa hiyo kuchelewa kidogo hakuiharibu. Kilichobaki ni sindano na tiketi. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na sita. Mbona unaniaibisha mbele ya mume wangu?"

"Ungekuwa umevuka sitini, ningetaka daktari akushauri kwanza. Chanjo hii hutengenezwa kwa mayai; je, yanakudhuru? Una ugonjwa wowote unaotumia dawa?"

"Mayai nakula. Ugonjwa wangu ni huyu mzee."

"Basi kesho asubuhi nenda hospitali kuu. Si kila zahanati inatoa kadi hiyo. Nenda na pasipoti, ili jina la kwenye kadi lifanane na la pasipoti kabisa. Usiwaambie unaitwa Mama Pasi."

Mumewe alishusha kalenda ukutani akahesabu kwa kidole. Baada ya sindano ya Jumatano, siku ya kumi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Wakala wa tiketi aliihamisha safari hadi Jumapili yake. Daktari wa binti alikuwa ametaja Alhamisi baada ya hapo kuwa siku ya kujifungua. Palibaki siku nne tu.

Jioni Mama Pasi alimpigia binti na kumweleza yote. Hakuficha hata lile la tarehe ya uongo.

"Njoo salama, mama," binti alisema. "Huyu wa tumboni nitambembeleza asubiri."

Kesho yake alichanjwa. Mkono ulimuuma, na siku mbili mwili ulikuwa na joto kidogo, kama alivyoambiwa. Zile siku nyingine zilimtesa zaidi. Kila simu ilipolia, aliikimbilia akidhani uchungu wa binti umeanza. Mumewe alikata siku moja moja kwenye kalenda. "Nimetengeneza saa miaka thelathini," alimwambia, "na sijawahi kuweza kuiharakisha siku. Kunywa chai."

Jumapili alifika. Ofisa wa mpakani alichukua kadi ya manjano, akasoma tarehe, akahesabu, akalinganisha jina na pasipoti. Mama Pasi hakuwa na hofu. Kila kilichoandikwa pale kilikuwa kweli.

"Umekuja kwa shughuli gani, mama?"

"Kuwa bibi."

Ofisa akatabasamu, akagonga muhuri.

Mtoto alizaliwa Jumatano asubuhi. Binti alikuwa ameushika mkono wa mama yake tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuuachia hata alipoambiwa apumzike. Mchana, Mama Pasi alimpigia mumewe.

"Mzee, ni wa kike. Mzima. Ila ana mikunjo uso mzima, mpaka kwenye vidole."

"Mikunjo? Na wewe upo hapo umekaa tu?"

Mama Pasi alimtazama mjukuu aliyelala kifuani pake.

"Huyu mwache hivyo hivyo," alisema. "Huyu sina haraka naye."