Dakika Tatu za Baba Mkwe

Siku ya mwisho ya kulipia kadi za uanachama, ofisi ya klabu ilijaa watu hadi ngazini. Wanaume wenye jezi zilizopauka, akina mama na mikoba yao, wote walitaka jambo moja, haki ya kupiga kura. Klabu ilikuwa inauzwa. Mwekezaji alitaka asilimia themanini ya hisa, na wenye klabu ndio hawa hawa waliokuwa wakikanyagana miguu kwenye foleni.

Nyuma ya meza alikaa karani wa uanachama, dada wa miaka ishirini na tisa, blauzi ya njano, nywele amezibana juu kwa kalamu kwa kukosa kibanio. Aligonga mihuri kwa nguvu hata mashabiki wakamwita Muhuri, na jina la kuzaliwa likabaki kutumiwa na baba yake tu.

"Wewe mwenye suti! Foleni inaanzia kule chini."

Kijana mwenye suti ya kijivu akageuka. "Samahani dada, mimi nina swali moja tu."

"Na hawa wote wana swali moja moja. Teremka."

Akateremka. Kijana huyu alikuwa mtathmini, kazi yake kupima thamani ya mali, na mwekezaji ndiye aliyemtuma aje kuuliza idadi ya wanachama. Angeweza kuonyesha barua yake akapita. Lakini alipanga foleni saa nzima akimtazama binti yule akiwatania wazee na kuwakaripia wajanja, na alipofika mezani alikuwa amesahau barua, amesahau na aliyemtuma.

"Kadi mpya au unaendeleza?"

"Mpya," akasema, na yeye mwenyewe akashangaa.

"Kazi yako?"

"Napima thamani ya vitu. Nyumba, viwanja, mashine."

"Haya, Bwana Vipimo. Saini hapa."

Muhuri ukagonga. Mtu mzima, msomi, alikuwa amejiunga na klabu aliyotumwa kuipima, kwa sababu ya shingo ya mwanamke. Tusimcheke sana. Wengi wetu tumefanya makubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Kwa wiki tatu simu hazikupoa.

"Vipimo, umekula?"

"Bado. Nakusubiri wewe uniambie mimi nina thamani gani."

"Bei ya mtumba. Tena ule wa mwisho kwenye rundo, uliokosa vifungo."

"Basi nichukue hivyo hivyo, mpenzi. Vifungo utashona."

Walitembea mtaa wa maduka ya vitambaa, yeye kwa gauni la bluu lililomkaa vizuri, kijana kwa shati alilopiga pasi mara mbili. Muhuri alimsimulia habari za baba yake, aliyetunza nyasi za uwanja miaka thelathini na moja, na jinsi wachezaji walivyokuwa hawajalipwa miezi miwili.

"Fedha tunazihitaji, sibishi," alisema. "Mwekezaji achukue arobaini na tisa, alete mfuko wake. Lakini hamsini na moja ibaki kwa wanachama. Akipewa themanini, kesho atauza hata uwanja wa mazoezi, na sisi tutabaki kupiga makofi tu. Nitapigana hadi kura ya mwisho."

Kijana alipunguza mwendo. "Kuna jambo nataka kukwambia."

"Ukiniambia una mke, nakugonga muhuri usoni."

Wakacheka, na ujasiri wake ukaishia kwenye kicheko hicho. Hapo alikosea, na sitamtetea.

Jumatatu mwekezaji alifika klabuni kujitambulisha. Aliingia ukumbini na tai nyekundu na viatu vinavyong'aa, na nyuma yake, akiwa na jalada mkononi, akaingia Vipimo.

"Huyu ndiye mtathmini wetu," mwekezaji akasema.

Muhuri akachukua mkoba wake, akatoka. Siku hiyo hiyo alikuwa amegundua fomu mia mbili na sita za wanachama wapya, zote zikiwa na namba moja ya simu. Watu walikuwa wamepandikizwa ili kuja kupigia mauzo kura. Moyo wake ukaongeza wa mia mbili na saba.

Simu iliita kabla hajafika kituo cha basi.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Ulinitongoza ili uingie daftarini kwangu, wewe na wenzako mia mbili na sita wa bandia."

"Hao watu siwajui, naapa!"

"Na mimi nilikuwa sikujui wewe. Usinipigie tena."

Akakata. Alilia hadi macho yakavimba, halafu akanawa uso na kuanza kazi. Siku nne alifuata fomu moja moja, mtaa kwa mtaa, akigonga milango. Wengine hawakujua hata jezi ya klabu ina rangi gani. Mmoja alidhani amejiunga na chama cha mazishi.

Vipimo naye alikuwa na lake. Ripoti iliyochapishwa ilikuwa na jina lake, lakini uwanja wa mazoezi haukuwemo, na thamani ya klabu ilikuwa nusu ya aliyoandika. Akaenda kwa mwekezaji, akasimama mbele ya meza.

"Rudisha uwanja, au ondoa jina langu."

"Kijana, umelipwa kupima. Hukulipwa kuongea."

"Basi kazi yako baki nayo."

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Muhuri alipanda jukwaani, suti nyeusi, sauti haitetemeki, akasoma majina yaliyofutwa. Alipofika mwisho akavuta pumzi.

"Wa mia mbili na saba ni mtathmini wa mwekezaji. Huyu nilimsajili mimi, na sikumuuliza anamfanyia nani kazi. Kosa ni langu."

Ukumbi ukanguruma. Nyuma kabisa kijana akasimama, shati bila tai.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Si mwanachama. Kaa, au toka nje."

Klabu ile ilikuwa na desturi ya zamani. Mwanachama wa zaidi ya miaka thelathini alipewa dakika tatu za kusema, na akitaka aliweza kumwachia mgeni. Mtunza nyasi wa zamani akainuka taratibu, mkono kiunoni.

"Dakika zangu mpeni huyo. Mwanangu hajacheka wiki nzima. Nataka kumsikia kwanza, ndipo nijue nimchukie kiasi gani."

Muhuri akatamani ardhi ipasuke.

"Ripoti mliyogawiwa siyo niliyoiandika," kijana akasema. "Uwanja wa mazoezi umeachwa. Ukiwekwa, klabu yenu ina thamani mara mbili. Mnataka kuuza themanini kwa bei ya arobaini. Kazi hiyo nimeiacha. Na karani wenu hakudanganya mtu. Mimi nilikuja kuuliza swali, nikamwona, nikajiandikisha kama mjinga. Nilimficha kwa woga. Hilo ndilo kosa langu, na namwomba radhi mbele yenu wote."

Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa mara mbili. Themanini ikakataliwa. Mwekezaji akaambiwa ni arobaini na tisa, uwanja ukiwemo kwenye hesabu, au aende zake. Alifunga mkoba wake akasema atafikiri.

Nje, getini, Vipimo alikuwa ameegemea ukuta.

"Mwenyekiti amenisimamisha kazi miezi miwili," Muhuri akasema.

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya uzembe wangu. Usijipe sifa."

"Bado una hasira?"

"Ninayo. Wewe ulinificha wiki tatu, mimi nilikuhukumu dakika moja. Tumekoseana sawasawa." Akamshika mkono. "Lakini siku nne nimegonga milango ya watu nisiowajua, na kila mlango nilikuwa naomba ufungue wewe uniambie si kweli."

Macho ya kijana yakalowa. "Muhuri wangu, mimi sina kazi sasa. Sina hata..."

"Nimekuuliza kazi?"

"Hujaniuliza."

"Jumamosi njoo nyumbani na wazazi wako."

"Kufanya nini?"

"Kuniposa. Na msipofika kufikia saa kumi, nampakia baba kwenye gari, tunakuja kukuposa wewe."