Mgeni Ambaye Hakuagwa

Waliohudhuria kikao cha kuchagua muziki wa sherehe ya kumuaga Mboni walikuwa watano. Wa kwanza ni Anuari Salum Mtalika, baba wa binti, muuza vitambaa wa Mtaa wa Kipata, Kariakoo, aliyekuwa mwenyekiti kwa kuwa sebule ilikuwa yake. Wa pili ni dada yake mkubwa, Zulekha Salum Mtalika, mjane, aliyemlea Mboni tangu mama yake alipofariki. Wa tatu ni Selina Namkaa, mwenyeji wa Masasi, jirani wa ghorofa ya chini na katibu wa kamati. Wa nne ni Mahmudu Kambangwa, mshereheshaji, ambaye mjini kote anaitwa MC Mudi. Wa tano ni Mboni Anuari mwenyewe, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, aliyekuwa akimenya machungwa na kuyapanga kwenye sinia.

Ugomvi ulianza kabla chai haijapoa.

"Wakwe zetu ni watu wa Upanga," alisema Anuari. "Bwana harusi, Hussam, msomi, na baba yake, Mzee Abdulla, msomi. Nataka taarab. Kinanda, fidla, watu wakae vitini wasikilize. Basi."

"Na ngoma?" aliuliza Zulekha.

"Ngoma ya nini?"

"Ya kwetu Lindi. Mtoto wa Mtalika anaondokaje bila ngoma?"

"Dada, sitaki mavumbi kwenye ukumbi wangu."

"Mavumbi hayo ndiyo yaliyokulea, na ulikuwa unayala."

Selina aliinamia daftari lake ili asionekane anacheka. MC Mudi akatoa simu. "Wazee wangu, tusifike huko. Vyote viwili vinawezekana. Kuna mzee mmoja pale Mchikichini, Mzee Bakili, kikundi chake ni moto. Hebu sikilizeni."

Sebule ikajaa sauti ya ngoma na vigelegele. Baada ya muda Mudi akaizima simu ili aendelee kusema, lakini hakusema, kwa sababu ngoma haikunyamaza. Wote wakamtazama Mboni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kisu na chungwa. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagonga ukingo wa sinia, mdundo uleule, bila kukosea hata mara moja, na yeye mwenyewe alikuwa akitazama dirishani.

"Bibi harusi kishapandwa huyu," alisema Selina.

Wakacheka wote isipokuwa Zulekha. Yeye aliinuka, akalichukua lile sinia, akalipeleka jikoni.

Kikao kiliamua hivi: taarab kuanzia saa kumi na moja jioni, na kabla ya hapo ngoma ya Mzee Bakili kwa nusu saa, isizidi.

Kuna jambo ambalo Selina hakuliandika kwa kuwa hakulijua. Mama yao Anuari na Zulekha, Bi Asumini binti Likunja, alikuwa na jini. Lilikuwa jini la kurithi, la wanawake wa upande wake, na kwa miaka arobaini lilimkalia na kupigiwa ngoma na kuondoka kwa heshima. Bi Asumini alipofariki, Anuari aliapa kwamba ngoma ya pepo haitapigwa tena mbele ya macho yake. Jini lilimruka Zulekha. Mboni alipovunja ungo, vidole vyake vilianza kugonga. Zulekha alitaka jini hilo liitwe mara moja ya mwisho, liambiwe kwamba binti anakwenda kwa mume, kisha liagwe kabisa. Alijua kaka mtu hatakubali. Basi akaamua kuificha shughuli hiyo ndani ya sherehe.

Siku ya Jumanne alikwenda peke yake Mchikichini. Bakili Saidi Litumbe alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha viatu vya mitumba, akishona soli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Zulekha. Nilikuwa namjua mama yako. Sema."

Zulekha akasema yote. Mzee akaweka sindano chini.

"Jini si mwimbaji wa kupangiwa muda. Nikipiga mdundo wa kuita, atakuja. Akija atasalimiwa, ataambiwa alichoitiwa, ndipo nitapiga mdundo wa kuaga. Mkono ulioita ndio unaoaga. Hawa vijana wangu wanaitikia tu, kuaga hawajui, na mimi sijapata wa kumfundisha. Nikianza, asinikate mtu. Kaka yako anajua?"

"Anajua," alisema Zulekha.

Huo ulikuwa uongo.

Sherehe ilifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi wa wazi juu ya jengo, na chini yake Kariakoo ikipiga kelele zake za kila siku. Wapiga ngoma walizikausha ngozi za ngoma juu ya moto wa makumbi, na harufu ya ngozi inayoungua ikaenea mpaka kwenye meza za wakwe. Anuari aliinusa akakunja uso. Nyimbo za kwanza zilikuwa za furaha, wanawake wakainuka, hata Mzee Abdulla akatikisa bakora yake kidogo. Kisha Mzee Bakili akainamisha kichwa, akaubadilisha mdundo.

Mboni akavua viatu. Alishuka jukwaani akiwa na gauni lake jeupe, akatembea katikati ya watu kama mtu anayekwenda kupokea mzigo wake, akafika mbele ya ngoma kubwa na kuanza kucheza, na uchezaji ule haukuwa wa msichana wa Kariakoo. Mabega yalikuwa ya mtu mzima. Mzee Abdulla akavuta kiti chake nyuma.

Kule kuvutwa kwa kiti ndiko kulikomuunguza Anuari.

"Wakate," alimwambia Mudi.

"Tunamshukuru sana Mzee Bakili na kikundi chake," Mudi alisema kwenye kipaza sauti. "Muda wao umekwisha. Makofi tafadhali."

Hakuna aliyepiga makofi, na Mzee Bakili hakuinua kichwa. Anuari akavuka ukumbi, akaipiga teke ile ngoma kubwa. Ikaanguka na kubingirika mpaka miguuni pa wakwe. Wakati huo Mboni alikuwa ameinua mguu wa kulia. Hakuushusha.

"Bwana Anuari," alisema Mzee Bakili kwa sauti ya chini, "huyu ameshafika. Nipe dakika kumi nimuage."

"Toka kwenye ukumbi wangu."

"Mimi nitatoka. Yeye je?"

"Nimesema toka, mchawi mkubwa we."

"Anuari, mwache amalize," alisema Zulekha, na hapo kaka yake akamgeukia, akaelewa.

"Kumbe ni wewe." Akainua mkono. Selina akajipenyeza katikati, mnene na mtulivu, akasema, "Nipige mimi basi, kaka Anuari, uanze na wageni." Mkono ukashuka. Wapiga ngoma walikuwa wameshafika kwenye ngazi.

Wanawake wakamshika Mboni, wakamkalisha kitini. Mguu wa kulia ukabaki hewani, umekunjwa gotini, kidole gumba kikielekea sakafuni bila kuigusa. Taarab ikaanza ili watu wasahau. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika ubeti wa pili kinanda kikaanza kuuacha wimbo, polepole, kuelekea mdundo mwingine, na fidla ikakifuata, na mwimbaji akanyamaza. Mpiga kinanda akainuka, akamjia Anuari na kumnong'oneza.

"Mzee, naomba tufunge vyombo. Mkono haunitii."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi. Ila huo si wimbo wangu ninaoupiga."

Mpaka magharibi ukumbi ulikuwa mtupu.

Jumapili Mboni hakula. Jumatatu hakunywa. Alilazwa kitandani na mguu ukabaki juu. Alisimamishwa na akasimama kwa mguu mmoja, bila kuyumba, saa nzima, mpaka Selina akatoka chumbani akilia. Hospitalini madaktari walimpima wakasema misuli imekaza, wakampa vidonge ambavyo hakuvimeza, na dripu ambayo kila walipoifunga sindano ilitoka yenyewe, ikarudi kwenye sinia ikiwa safi kama haijatumika. Anuari akamrudisha nyumbani kwa hasira, akisema hospitali ya siku hizi haina watu. Ndani ya nyumba kulikuwa na harufu ya ngozi inayoungua. Walizima jiko. Harufu ikazidi.

Jumatano akaja ustadhi wa jirani kumsomea. Alisoma vizuri, na Mboni alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akazungumza kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, kwa sauti yake mwenyewe, jambo ambalo liliwatisha kuliko sauti ngeni.

"Soma, ustadhi, mimi pia ni Mwislamu. Sikuja kwa nguvu, niliitwa. Nimekuja, sikusalimiwa, ngoma ikapigwa teke nikiwa katikati ya hatua. Siku ya tano leo mguu wangu uko juu. Wewe unaweza?"

"Unataka nini?" ustadhi alinong'ona.

"Nataka kwenda. Aje aliyeniita aniage. Mkichelewa nitaona mmenipa nyumba, na sitaondoka tena. Bibi yake alikuwa anakula, tukakaa naye miaka arobaini. Huyu hali."

Ustadhi alifunga msahafu. "Bwana Anuari," alisema akiwa mlangoni, "kamtafuteni huyo mpiga ngoma."

Zulekha hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikwenda Mchikichini akarudi kabla ya adhuhuri.

"Amekubali kuja," alisema. "Amenitukana kwa ule uongo wangu, na nimestahili. Lakini anasema ngoma iliyopigwa teke haiiti wala haiagi mpaka aliyeipiga aiinue kwa mikono yake, pale ilipo, na aiombe radhi. Uende wewe mwenyewe."

"Mimi?" Anuari aliketi, akasimama tena. "Mimi niende kwenye viatu vya mitumba nikaombe radhi pipa lenye ngozi?"

"Kwa ajili ya mwanao."

"Mwanangu wewe ndiye uliyemuuza. Ulilipanga, ukanificha, ukaniaibisha mbele ya Abdulla, na sasa unataka nipige magoti. Mzee huyo nitampeleka polisi."

"Mpeleke. Askari atampigia Mboni mdundo wa kuaga?"

Hawakusemeshana tena siku hiyo wala siku ya pili yake, na kila mmoja alikaa upande wake wa mlango wa chumba cha Mboni, akimchukia mwenzake kwa moyo wote, huku midomo ya binti ikipasuka kwa ukavu, macho yakizama, mifupa ya mashavu ikijitokeza, na mguu ule, ambao sasa ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, ukiendelea kukaa hewani bila kutetemeka, hata mchana wa Ijumaa, wakati mwadhini alipoadhini na mtaa ukatulia kidogo na Anuari akainuka kwenda kuswali, akausikia ukishuka. Haukushuka wote. Ulishuka upana wa kidole kimoja, na vyombo vyote vya kabatini vikalia kwa pamoja.

Anuari akaingia chumbani. Mboni alimtazama kwa upole.

"Anuari wa Asumini," alisema, "mguu umechoka. Nikiukanyaga chini hapa, hapa ndipo kwangu."

Kwa mara ya kwanza hasira ilimtoka, na chini ya hasira kulikuwa na mtoto wa miaka saba aliyewahi kujificha uvunguni wakati mama yake anacheza. Alimshika Zulekha mkono bila kumtazama usoni. "Kesho asubuhi nitakwenda," alisema. "Leo siwezi hata kutembea."

"Nenda sasa hivi, Anuari."

"Kesho, dada. Nakuomba."

Jumamosi saa moja asubuhi alipanda bajaji kwenda Mchikichini. Njiani alijifunza maneno ya kusema, kwa sababu ulikuwa muda mrefu hajamwomba mtu radhi. Alipita safu za suruali, akapita safu za viatu, akauliza, akaelekezwa. Kibanda kilikuwa kimefunikwa turubai. Ngoma kubwa ilikuwa imelala pembeni, kwa ubavu, kama ilivyoanguka ukumbini, maana hakuna aliyeruhusiwa kuisimamisha wima. Anuari akachuchumaa, akaikumbatia, akaisimamisha. Akaiomba radhi kwa sauti, mbele ya watu, na machozi yakamtoka.

Mama mmoja muuza viatu vya watoto, jina lake Joyceline, alimsubiri amalize.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni ndugu?"

"Marahaba. Hapana. Namtafuta Mzee Bakili, aje nyumbani kwangu. Binti yangu ni mgonjwa."

Joyceline akamvutia kigoda ili akae, kisha akamwambia.

Bakili Saidi Litumbe alifariki siku ya Ijumaa, saa kumi alasiri, nyumbani kwake Ilala, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.