Theluji ya Pamba

Rafiki yangu fundi sauti hajui kutunga. Angejua, ningemwibia vichekesho. Basi pokea hili kama alivyonipa.

Walikuwa wakipiga filamu ya wanasayansi waliopotea kwenye barafu ya kaskazini kabisa mwa dunia. Theluji yenyewe ilikuwa pamba ya magodoro, imetandazwa ndani ya ghala la mabati lenye joto la kuivisha mayai. Dada mdogo wa rafiki yangu aliigiza mwanasayansi wa mwisho kubaki hai, jasho likimchuruzika ndani ya koti la manyoya.

Ikabaki kurekodi ukimya, maana kila chumba kina ukimya wake na filamu huuhitaji. Feni zikazimwa, taa zikazimwa, watu wakatoka. Dada akagoma kutoka, maana kulivua koti lile ilikuwa shughuli pevu.

"Haya, usipumue," kaka akamtania kutoka mlangoni.

"Nikifa, utamweleza mama mwenyewe!"

Giza likatanda, isipokuwa taa ndogo ya kofia ya dada. Ndipo fundi akasikia kwenye visikilizi alivyovaa masikioni: kru, kru, kru. Nyayo zilikuwa zikikanyaga theluji nzito, na pamba haina mlio. Zikamsogelea dada yake taratibu, zikakoma.

"Toka hapo! Toka!"

"Kaka, acha masihara yako."

Akamkimbilia, akamshika mkono. Ulikuwa wa moto, umelowa jasho. Dada akamkodolea macho, mdomo kaufumba kwa hasira. Na kwenye mwanga wa kofia, kando kabisa ya sikio la dada, mvuke mweupe ulikuwa ukitoka na kukoma, ukitoka na kukoma, kama wa mtu anayepumua penye baridi kali.