Joka la Vichwa Saba Kwenye Simu ya Shangazi

Kila likizo mimi hupelekwa kwa Shangazi ili, kwa maneno ya baba yangu, walimu wangu wapate nafasi ya kupona. Shangazi ni muuguzi wa zahanati, na nyumba yake iko nyuma ya zahanati hiyo hiyo, hatua kumi na nane kutoka mlango wa jikoni hadi chumba cha chanjo. Asubuhi zetu hazibadiliki. Shangazi husoma kipimajoto cha friji ya chanjo na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Binti yake, tunayemwita Sisimizi kwa kuwa ni mdogo na hatulii, hufagia ukumbi wa wagonjwa. Mimi huosha vyombo. Masufuria yakitakata, tunapewa simu ya Shangazi kwa nusu saa tucheze mchezo wetu.

Mchezo wenyewe ni wa mtindo wa kizamani, ambao kila kitu kimechorwa kwa vidoti vya mraba. Shujaa ana ukubwa wa punje ya mchele, upanga wake ni vidoti vitatu, na muziki hulia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Lakini humo ndani mna falme, mapango, vibete wachimba madini na joka la vichwa saba. Ukikwama, dawa ni moja: zunguka kijiji kizima, uzungumze na kila mtu, hata mbuzi. Mimi nilikuwa shujaa. Sisimizi alikuwa mganga wa kikosi, na alinitibu kwa ukali kumshinda mama yake.

Siku moja, Sisimizi akiwa bado na ufagio, nilipewa simu peke yangu. Hapo wazo likanijia, na mawazo yangu, kama kiranja wa bweni letu anavyoweza kushuhudia, hayajawahi kupata mtu wa kuyazuia. Nilifungua orodha ya majina nikaanza kubatiza. Bibi akawa Malkia wa Kaskazini. Mkaguzi wa zahanati, mkubwa wa Shangazi, akawa Joka la Vichwa Saba. Watu watatu walikuwa wameandikwa Fundi na jina la mtu tu, na kwa kuwa sikujua ni mafundi wa nini, nikawaita Kibete wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Majina sitini na matatu, dakika thelathini. Kazi safi.

Nilitegemea kicheko. Kesho yake simu iliita, Shangazi akatazama kioo, macho yakamtoka.

"Joka la Vichwa Saba? Matapeli wa siku hizi hawana hata haya!" Akaikata. Ikaita tena, akaikata tena.

Alasiri mkaguzi alikuja mwenyewe. Alikuja na kichwa kimoja tu, lakini kilitosha. Alimsema Shangazi kwa kumkatia simu, mbele ya wagonjwa, mpaka mzee mmoja akasahau kukohoa.

Alipoondoka, Shangazi alituita. Alimtazama Sisimizi, kwa sababu wiki iliyotangulia ndiye aliyeweka picha ya kuku kwenye kioo cha simu.

"Mama, si mimi. Haki ya Mungu."

"Na yule kuku hakuwa wewe?"

"Kuku ni mimi. Majoka si mimi!"

Sisimizi akapigwa marufuku kucheza mpaka shule zifunguliwe. Mimi nilitazama sakafu kwa unyenyekevu wa mtu aliye msibani. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ilipofika nikajiambia vile vile, nikagundua kwamba neno hilo hutumika kila siku na wala halichakai.

Siku ya tatu nilikuwa nasugua sufuria niliposikia Shangazi akiita, na sauti yake haikuwa ya kuitia watoto. Tulikimbia hatua zile kumi na nane. Friji ya chanjo ilikuwa kimya. Kipimajoto kilisoma saba.

"Mtu asiguse mlango," alisema. "Ikipita digrii nane, dawa za watoto arobaini ni za kutupa. Kesho ni kliniki. Niwaambie nini mama zao?"

Masanduku ya barafu ya kuhifadhia chanjo yalikuwa yameondoka alfajiri na timu inayochanja vijiji vya mbali. Namba ya fundi iliwahi kuandikwa ubavuni mwa friji, lakini Shangazi huipangusa friji hiyo kwa dawa kila asubuhi, na namba ilishafutika pamoja na vijidudu. Akaishika simu, akaanza kusoma majina.

"Mchawi wa Kinamasi… Mfalme Kipara… Kibete wa Pili… Fundi wangu yuko wapi humu?" Akageuka. "Sisimizi, mwanangu, sikugombezi. Sema tu. Fundi wa friji ulimwita nani?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Sisimizi. "Mama, laiti ningekuwa mimi! Ningekwambia."

Nimewahi kuitwa ofisi ya mwalimu mkuu mara tisa, na zote nilitoka nikiwa na hoja. Safari hii sikutafuta hoja; nilisogea mbele ya Sisimizi.

"Ni mimi, Shangazi," nikasema. "Majina yote. Hata Joka."

Alinitazama kama anavyotazama sindano kabla ya kuichoma. "Wewe zamu yako inakuja. Fundi ni yupi?"

"Ni mmoja wa vibete watatu. Sijui ni yupi."

"Piga, uwaulize. Na useme ukweli, sitaki ngano."

Nikapiga kwa wa Kwanza.

"Shikamoo. Samahani, wewe ni fundi wa nini?"

"Marahaba. Cherehani. Kwani nani mwenzangu?"

Ilinibidi nieleze. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. "Kibete? Mimi? Subiri nikushonee sketi ya shule, utaona mfuko utakavyokaa mgongoni!" Akakata.

Wa Tatu hakupokea. Wa Pili alikuwa fundi bomba, akacheka mpaka nikasikia spana ikianguka. "Huyo wa friji namjua, binti. Simu hasikii, kwake kuna kelele za mashine. Nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa buluu. Kimbia!"

Nilikimbia na mapovu ya sabuni yakiwa bado viwikoni. Nyuma ya mlango wa buluu alisimama Kibete wa Tatu, na lazima niseme ukweli hapa pia: alikuwa mrefu kiasi cha kuinamia kila mlango. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alichukua begi lake, akaniuliza swali moja tu njia nzima.

"Kibete?"

"Naomba radhi, mjomba."

Waya mmoja ulikuwa umeungua nyuma ya friji. Alipoubadilisha, friji ilikohoa, ikaguna, ikaanza kuunguruma. Kipimajoto kilikuwa kimefika saba na nusu. Tukasimama wote wanne tukikitazama hadi kikasoma sita. Shangazi akaandika sita kwenye karatasi ya ukutani, kisha akaniketisha kwenye benchi la wagonjwa.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. "Mimi nimetumbua majipu miaka ishirini, najua ninachosema. Ukinionyesha jipu siku ya kwanza, nakukanda kwa kitambaa cha moto, unakwenda zako. Ukilificha, tutakutana kwenye kisu. Majina yako yalikuwa upele tu, ningegomba na pengine ningecheka. Jipu ni zile siku ulizonyamaza mwenzako akiadhibiwa kwa kosa lako."

Nikamwomba Sisimizi msamaha, bila mapambo. Akanisamehe kwa masharti: sasa yeye ndiye shujaa.

Alasiri hiyo niliwapigia watu wote waliobaki, mmoja mmoja, nikiuliza majina na kuomba radhi, huku nikiziandika namba zao kwenye karatasi ngumu ya kutundikwa kando ya friji. Kumbe ule mchezo ulisema kweli: ukikwama, zungumza na kila mtu. Ila hausemi kwamba utaona aibu.

Likabaki jina moja.

"Na huyu mkaguzi, Shangazi?"

Shangazi alichungulia mlangoni, akaona hakuna mtu.

"Karatasini andika jina lake kamili," alisema. "Kwenye simu, liache lilivyo. Likiita, sasa najua ni nani."