Kiti cha Nne cha Afrika

Kila asubuhi Zulekha aliamshwa na sauti mbili: mwiko wa mama yake ukikoroga uji, na redio ya baba ikijadili mpira. Alifagia ua huku sikio likiwa redioni, akavaa sare, akanywa uji wake wima, kisha akashika njia ya shule kupitia mitaa ya Gerezani. Saa hiyo wauza vipuri walikuwa ndiyo kwanza wanafungua maduka yao, na karibu kila mlango aliopita aliulizwa swali lile lile.

"Mchambuzi! Wanasemaje leo?"

"Kipa wetu ameshapona," alijibu. Au, "Refa wa Jumapili ni mkali, wachezaji wetu wajihadhari na kadi."

Jina la Mchambuzi alipewa tangu yuko darasa la nne. Sasa alikuwa darasa la sita, na aliwajua wachezaji wote wa Karakana FC, timu ya mtaa wao, kwa majina na namba za jezi. Shuleni ndiye aliyeandika ukurasa wa michezo katika gazeti la ukutani, lile lililobandikwa nje ya ofisi ya walimu kila Alhamisi. Alikuwa mwerevu na mwepesi wa kukumbuka. Kasoro yake ilikuwa moja: neno "sijui" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka huo Karakana ilimaliza ligi ikiwa ya nne. Ilikosa nafasi ya tatu, na pamoja nayo safari ya mashindano ya Afrika, kwa pointi moja tu. Jumatano jioni, mechi ya mwisho ilipokwisha, mtaa ulinyamaza kama kwenye matanga. Zulekha alikuwa ametumwa sukari. Akiwa njiani kurudi, alimkuta Mzee Uwesu amejiinamia kwenye benchi nje ya duka lake la vipuri. Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatuona tulivyo? Wa nne! Afrika tutaisikia kwa majirani."

Zulekha alikumbuka jambo. "Mbona wa nne anaenda Afrika, babu? Mwaka jana Nyuki Stars walimaliza wa nne, wakacheza Kombe la Shirikisho."

Mzee Uwesu aliinua kichwa. Mafundi wawili waliokuwa wakinawa mikono karibu na hapo walisogea. Muuza kahawa naye akatua birika lake.

"Una uhakika?" mzee aliuliza.

Zulekha alisita. Alijua kwamba Nyuki Stars walikwenda. Kwa nini walikwenda, hilo hakulijua. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na yalikuwa macho ya watu wenye kiu.

"Asilimia mia," alisema.

Habari ile haikungoja miguu. Kabla ya adhana ya magharibi watu wazima walikuwa wakirukaruka barabarani kama watoto waliofunga shule. Mzee Uwesu alitangaza kwamba Ijumaa alasiri kutakuwa na maandamano yenye matarumbeta, kutoka Gerezani hadi Jangwani, na yatapita makusudi mbele ya tawi la Nahodha FC, mabingwa wa ligi na mahasimu wao wakubwa. Kazi ya bendera alipewa Mama Severa, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu. Zilitakiwa bendera za rangi ya chungwa, zenye maneno KARAKANA AFRIKA kwa herufi nyeusi.

Alhamisi asubuhi gazeti la ukutani lilikuwa na kichwa cha habari kirefu kuliko vyote alivyowahi kuandika Zulekha: KARAKANA YAFUZU AFRIKA! Wanafunzi walisongamana, wakapiga makofi. Kengele ilipolia wote walitawanyika, isipokuwa Bakili. Huyu alikuwa mvulana mpole aliyehamia kutoka Lindi mwanzoni mwa mwaka. Alisoma habari ile mara ya pili.

"Mambo, Zulekha?"

"Poa."

"Hii umeitoa wapi?"

"Naijua tu."

"Nauliza kwa sababu fainali ya Kombe la Taifa bado haijachezwa. Ni Jumamosi hii."

"Sasa Kombe la Taifa linahusiana nini na ligi?"

Bakili alitikisa mabega. "Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Alilisema neno lile kirahisi, bila aibu yoyote, kama mtu anayetaja siku ya leo. Zulekha alikaa darasani vipindi viwili bila kusikia mwalimu anafundisha nini. Saa ya mapumziko alikwenda ofisini kwa Mwalimu Elisaria, mwalimu wa michezo ambaye pia ndiye aliyekuwa mlezi wa gazeti lao.

"Mwalimu, timu za kwenda Afrika zinapatikanaje hasa?"

Mwalimu Elisaria alitafuta kanuni za mashindano kwenye simu yake, akamkabidhi. "Soma. Kwa sauti."

Lugha ya kanuni ilikuwa ngumu, na Zulekha alijikwaa mara kadhaa. Alipomaliza, mwalimu alisimama akapanga viti vinne ukutani.

"Nchi nyingi za Afrika hupeleka timu mbili tu," alisema. "Zile kumi na mbili zinazoongoza kwa pointi, pointi ambazo klabu zao zimezichuma Afrika kwa miaka mitano, hupeleka timu nne. Sisi tumo humo. Kwa hiyo tuna viti vinne. Hivi viwili vya kwanza ni vya Ligi ya Mabingwa. Nani anakaa?"

"Bingwa wa ligi na wa pili."

"Hivi viwili ni vya Kombe la Shirikisho. Hiki?"

"Wa tatu."

"Na hiki cha nne?"

Zulekha alikitazama kile kiti. "Ni cha bingwa wa Kombe la Taifa," alisema polepole. "Ila bingwa huyo akiwa ameshapata kiti kupitia ligi, hiki kinabaki wazi. Hapo ndipo anaitwa wa nne."

"Mwaka jana nani alichukua Kombe?"

"Nahodha. Na ligi walichukua wao wao. Ndiyo maana Nyuki Stars walipita." Aliirudisha simu mezani. "Mwaka huu Nahodha wamechukua ligi tena, na Jumamosi wanacheza fainali na Mkonge United ya Tanga. Mkonge ni wa kumi kwenye ligi. Wakishinda, kiti ni chao, na Karakana haiendi popote."

"Umeelewa vizuri."

"Lakini Nahodha ni wakubwa, mwalimu. Pengine watashinda. Halafu mambo yatakuwa vile vile nilivyosema."

"Pengine," alisema Mwalimu Elisaria. "Utafanya nini leo?"

"Nitalibandua gazeti."

"Gazeti ni karatasi. Na mtaani je?"

Zulekha alitoka nje akalibandua gazeti, akalikunja.

Alasiri alirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Alipofika Mtaa wa Sikukuu aliisikia cherehani ya Mama Severa kabla ya kuiona. Bendera ishirini za kwanza, alizozishona kwa mabaki ya vitambaa, zilikuwa zimekunjwa pembeni, na jora jipya la kitambaa cha chungwa limelala juu ya meza.

"Karibu, Mchambuzi!" Mama Severa aliita akicheka. "Njoo uone kazi ya midomo yako!"

Zulekha alitabasamu kwa shida, akapita. Alifika hadi kwenye kona. Alijiambia kwamba Nahodha hawawezi kufungwa na timu ya kumi, na kwamba Jumamosi si mbali. Alipogeuka nyuma, Mama Severa alikuwa amesimama, mkono mmoja unanyoosha lile jora, mwingine umeshika mkasi.

Alirudi mbio.

"Mama Severa, usikate!"

Mkasi ulisimama hewani. Zulekha alieleza yote, kuanzia Nyuki Stars hadi kile kiti cha nne, na maneno yalimtoka haraka kama maji ya bomba lililopasuka. Alipomaliza, Mama Severa aliketi.

"Jana ulisema asilimia mia."

"Nilisema. Sikuwa najua. Niliona haya kusema sijui."

"Unajua jora hili ni la nani? Nimelichukua dukani kwa maelewano. Kitambaa ambacho hakijakatwa mwenye duka atakipokea. Kikikatwa, ni mzigo wangu." Aliuweka mkasi mezani. "Haya, twende kwa Mzee Uwesu. Mimi nitasimama karibu nawe, lakini mdomo utakuwa wako."

Mbele ya duka la vipuri walikuta watu kama kumi wakipanga maandamano ya kesho. Zulekha aliwaamkia, akaomba kuzungumza. Alipanga makopo manne ya oili yaliyokuwa tupu juu ya benchi, akaeleza kama mwalimu alivyoeleza. Sauti yake ilitetemeka kwenye kopo la kwanza. Alipofika la nne ilikuwa imetulia.

"Kwa hiyo jana nilikosea," alimaliza. "Naomba mnisamehe."

"Mtoto ametuchezea!" fundi mmoja alifoka. "Nimeshamtambia shemeji yangu mpaka nimechoka!"

"Na ninyi wenye ndevu hamkuuliza," alisema Mama Severa. "Mlitaka kuamini, mkaamini."

Mzee Uwesu alikuwa bado anayatazama yale makopo. Kwa miaka ishirini mzee huyu hakuwahi kulitamka jina la Nahodha. Aliwaita "wale" tu.

"Ngoja nielewe," alisema. "Ili sisi tuende Afrika, Jumamosi inabidi tuwaombee... wale?"

"Ndiyo, babu."

"Wale wale?"

"Wale wale."

Muuza kahawa aliangua kicheko, na wengine wakafuata, hata yule fundi aliyekasirika. Mzee Uwesu hakucheka. Alichukua simu akampigia kiongozi wa matarumbeta. "Maandamano yasubiri," alisema. "Tutakuambia Jumamosi jioni."

Jumamosi kibanda umiza cha mtaa, pale ambapo watu hukaa wamebanana kwenye mabenchi kutazama mpira kwenye runinga, kilijaa hadi mlangoni. Watu wa Karakana walivaa jezi zao za chungwa, wakakaa kuwashangilia mahasimu wao huku wakiona aibu kutazamana. Zulekha alikaa katikati ya baba yake na Bakili.

Nahodha walipata bao dakika ya ishirini. Watu walipiga makofi kwa ncha za vidole. Kipindi cha pili Mkonge walisawazisha, na sasa hakuna aliyekumbuka aibu. Dakika zilikimbia. Mshambuliaji wa Nahodha alipobaki peke yake na kipa, Mzee Uwesu aliruka juu ya benchi akapaza sauti iliyosikika nje:

"Nahodhaaa! Funga, mwanangu!"

Kibanda kizima kiligeuka kumtazama. Mpira uligonga mwamba, ukarudi uwanjani. Dakika tatu baadaye kijana mwembamba wa Mkonge alipiga kichwa kutoka kwenye kona, na mpira ukatulia wavuni. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho ikalia.

Watu waliinamisha vichwa. Mzee Uwesu alishuka kwenye benchi polepole. "Miaka ishirini sijawashangilia," alisema, "siku niliyowashangilia, wamefungwa!"

Kicheko kilipasuka, chenye machozi ndani yake.

Zulekha alitoka nje. Mama Severa alimkuta ameegemea ukuta akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Unalia nini? Hujawafunga wewe."

"Niliwapa watu furaha ya uongo."

"Uliwapa Jumatano, ukawaambia kweli Alhamisi. Hebu fikiri tungeandamana jana na matarumbeta mpaka mlangoni kwa Nahodha. Leo tungepitia wapi? Na jora lile nilimrudishia mwenye duka jana asubuhi, likiwa zima." Alimshika bega. "Ila bendera ishirini nimeshazishona. Kesho uje tufumue neno AFRIKA, libaki KARAKANA. Kufumua kunachosha vidole kuliko kushona, utaona."

Jumapili Zulekha alifumua herufi tangu baada ya chai hadi adhuhuri, na Bakili alikuja kumsaidia. Jumatatu, akielekea shule, alipita mbele ya duka la vipuri kwa haraka. Mzee Uwesu alimwita.

"Mchambuzi! Hebu niambie. Hao Mkonge wakifanya vizuri Afrika, pointi zao zinaingia kapu la nchi nzima, au zao peke yao?"

"La nchi nzima, babu. Hilo nimelisoma mwenyewe. Ndizo zinazotulindia viti vinne."

"Basi mwaka huu tutawashangilia hao Watanga," alisema mzee. "Na sisi mwakani tushike nafasi ya tatu, tusimngoje mtu aturuhusu kukaa."

Siku hiyo gazeti la ukutani halikungoja Alhamisi. Juu kabisa Zulekha aliandika kwamba habari ya wiki iliyopita haikuwa sahihi, na kwamba kosa lilikuwa lake. Chini yake Bakili alichora viti vinne, na kila kimoja kikaandikwa jina la timu yake. Mwalimu Elisaria aliwakusanya darasa la sita mbele ya mchoro ule.

"Mwenzenu alikosea," alisema, "na wengi wenu mlimpigia makofi bila kumuuliza. Kutokujua si kosa. Hakuna aliyezaliwa na kanuni kichwani. Kosa ni kuuvalisha ubahatishaji nguo za uhakika, kwa sababu watu watakuamini, na watakata vitambaa vyao kwa neno lako. Ukiteleza hivyo, usikae ukiomba bahati ikufichie. Sema mapema, wakati ukweli bado una kazi ya kufanya. Zulekha alisema siku mbili kabla ya fainali, na ukweli wake ukaokoa jasho la mtu. Angeusema Jumapili, ungekuwa ukweli ule ule, lakini usingemsaidia mtu yeyote."